Kitabu Kimefunguliwa, Odilia Ameshamaliza Shule

Kibondo, Jumamosi, Februari 2015

Mvua imeanza alfajiri, ikakatika, ikarudi. Nguo zangu bado zina tope la njia ya Mabamba na sijazifua. Nimechemsha chai nikaisahau mpaka ikapoa, nikaipasha moto, nikaisahau tena.

Mnaosoma blogu hii mmezoea habari za bustani yangu na vichekesho vya ofisi ya walimu. Leo sina kichekesho.

Juzi Alhamisi mkuu wa shule aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na mwongozo mpya wa ule mradi wa vitabu vya kwenye tableti, ule unaopanga bei ya vitabu hivyo na namna shule za serikali zitakavyovipata. Aliufungua kwenye ukurasa mmoja akaweka kidole. Kifungu kilisema kwamba mwanafunzi mwenye uoni hafifu atapewa kitabu cha kidijitali bila malipo, na hatasubiri mpaka shule yake inunulie kidato kizima.

"Umeshinda, Madamu," akasema.

Alikuwa anatabasamu. Ni mtu mwema, alitaka nifurahi. Nikamwambia ahsante, nikatoka, nikaenda kusimama nyuma ya maabara pale wanafunzi wanapomwaga maji ya kuoshea vifaa, nikalia kama mtoto.

Odilia alimaliza shule Novemba. Matokeo yametoka. Baiolojia F. Kemia F.

Ngoja niandike habari zake vizuri, maana mwaka mzima nimekuwa nikimtaja kwenye vikao kama "mfano", na yeye si mfano. Ni mtu.

Odilia anatoka Mabamba, kule ambako ukisimama mteremkoni asubuhi unaona moshi wa majiko ya Burundi. Ana ualbino. Alihamia kwetu akiwa kidato cha pili, kutoka shule ya kutwa, kwa sababu kutembea peke yake kwenda na kurudi kulimtia mama yake hofu ambayo sina haja ya kuieleza. Kila mtu wa huku anaijua. Kwetu kuna hosteli, na geti linafungwa.

Kitu cha kwanza nilichokijua kwake ni kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana, aliyoishona mwenyewe. Cha pili ni ubishi. Siku yake ya kwanza darasani kwangu alinibishia kuhusu kazi ya figo. Alikuwa amekosea, lakini alibisha mpaka kengele ikalia.

Ubaoni alikuwa haoni, hata akikaa dawati la mbele. Kitabu alikiweka puani kabisa, wenzake wakasema ananusa kitabu, naye akacheka pamoja nao. Baada ya muda kichwa kilimuuma na machozi yalimtoka. Tulimtafutia lenzi. Ilimsaidia kuona neno moja moja, ila kusoma mchoro wa moyo kwa lenzi ni kama kumtazama tembo kupitia tundu la kitasa. Kwa hiyo alisomewa. Rafiki zake walimsomea bwenini, na wakichoka waliruka mistari. Alijua wameruka. Hakuwaambia.

Akiwa kidato cha tatu, mradi ukatuletea tableti. Ilikuwa majaribio ya mwaka mmoja, vitabu vya kidato kile vikiwa ndani, bure. Siku ya kwanza wanafunzi walitafuta kama kuna nyimbo. Mimi nikawaonyesha namna ya kuweka vidole viwili kwenye kioo na kuvitanua.

Odilia akatanua. Herufi zikakua. Akatanua tena mpaka neno moja likajaza kioo chote. Akarudisha. Kisha akafika kwenye mchoro wa jani, akaukuza.

"Madamu!" akaita mbele ya darasa zima. "Kumbe ni matundu! Mmekuwa mnasema stomata, stomata, mimi nikadhani ni jina tu."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliinama juu ya kile kioo, mabega yakitetemeka, nikajua analia. Nikaendelea kufundisha kwa sauti ya juu ili wasimtazame.

Mwaka ule alisoma kama mtu aliyefunga siku nyingi akaletewa sahani. Mwisho wa mwaka alikuwa wa pili kwa Baiolojia. Akaanza kusema anataka kuwa nesi, tena wa wodi ya wazazi. Nikamuuliza kwa nini huko.

"Siku akizaliwa mtoto kama mimi," akasema, "nataka niwe wa kwanza kumwambia mama yake."

Ndipo akanisimulia kuhusu baba yake. Alipozaliwa, baba alimtazama mara moja akasema huyu si wangu. Akaondoka kwenda Kasulu, akaoa mwanamke mwingine. Mama yake akabaki Mabamba na maneno ya watu. Enzi hizo kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa na magari ya mashirika yalipita kila siku, kwa hiyo wengine walisema amezaa na mzungu wa kambini. Wengine walisema ni laana ya ukoo. Mama alilima mihogo yake, akauza sokoni, akamlea mtoto wake.

"Kidato cha nne kuna sura ya urithi, si ndiyo?" Odilia akaniuliza.

"Ipo."

"Inanieleza mimi?"

"Inakueleza."

Nikafungua mdomo nianze kumweleza palepale. Akanizuia kwa mkono.

"Usinisimulie, Madamu. Kusimuliwa nimesimuliwa vya kutosha. Nataka nisome mwenyewe, halafu nimsomee mama."

Nikamwambia subiri Januari.

Januari ikafika. Tableti ziliwaka vizuri, vitabu havikufunguka. Kioo kiliandika kwamba muda wa matumizi umekwisha na shule iwasiliane na wakala. Majaribio yalikuwa yameisha na masharti ya muda ya bei yameanza, wakati mwongozo kamili ukiandaliwa.

Niyaeleze kwa ufupi, kwa sababu niliyasoma mpaka nikayajua kwa moyo. Kitabu cha kidijitali kinauzwa kwa kichwa cha mwanafunzi, kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha kinajifunga. Shule haiwezi kununua nakala moja, inanunulia kidato kizima au haiuziwi. Inanunua kwa wakala wa mradi tu. Na shule haiwezi kupokea kitabu cha kidijitali kisicho na bei wala risiti, hata kama ni zawadi. Ruzuku yetu, ile inayokuja kwa kuchelewa, ilikuwa imeshapangiwa vitabu vya karatasi, ambavyo wanafunzi watatu wanagombania kimoja.

Mkuu alipiga simu kwa wakala mara nyingi. Kila mara alijibiwa kwa adabu sana. Mwisho tableti zikarudishwa stoo.

Nilijaribu kutoa kopi kubwa mjini. Herufi zilitoka kama vivuli na michoro ikawa madoa meusi. Nikaanza kumsomea mwenyewe baada ya vipindi, siku ambazo sikuwa na zamu. Alinisikiliza kwa heshima. Lakini tulipokaribia sura ile aliniambia, "Hiyo tuiache kwanza, Madamu. Labda watafungua."

Wakati wa masika mradi ukaita kikao Kasulu kukusanya maoni ya walimu juu ya rasimu ya mwongozo. Nilichaguliwa kwenda. Kabla ya safari nilimwomba Odilia ruhusa ya kumzungumzia.

"Nisemee," akasema. "Ila usiwaambie kwamba nalia."

Ukumbi ulikuwa na baridi, ile baridi ya Kasulu inayoingia mpaka kwenye soli. Aliyefungua mjadala alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma na koti lililopauka. Jina lake Mwalimu Kassimu, mwalimu mstaafu wa pale pale Kasulu. Ndiye mwandishi wa kitabu chetu cha Baiolojia. Nilishangaa kumwona. Nilidhani waandishi wanaishi mbali.

Nilikuja nimejiandaa kumchukia mtu yeyote atakayetetea bei. Yeye akasimama akatetea bei.

"Kitabu hiki nilikiandika kwa mkono, mke wangu akishika taa," alisema. "Kilipotoka nikatembelea shule moja, nikakuta darasa zima lina kopi. Na aliyezitoa hizo kopi ndiye aliyenipa kalamu nimsainie ya kwake. Sidai utajiri, ndugu zangu. Nyumba yangu mnaijua. Ila mkisema kila kitu kiwe bure, mniambie pia mwandishi ale nini."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Alikuwa anasema kweli.

Halafu nikasimama mimi. Sikumbuki nilianzaje. Nakumbuka nilisema kwamba sipingi kununua, napinga kitabu kujifunga mbele ya mtoto ambaye hana kingine anachoweza kusoma. Nilisema wenzake kitabu kikifungwa kwenye kioo wanakifungua kwenye karatasi, yeye kikifungwa kimefungwa. Nikasema anasubiri sura moja inayoeleza yeye ni nani. Sikusema kwamba analia.

Mwakilishi wa mradi akaandika kitu, akasema, "Tumelipokea. Tutalifanyia kazi."

Mwalimu yeyote wa nchi hii anajua maana ya maneno hayo.

Nje, nikiwa nanyoosha mgongo kwenye baraza, Mwalimu Kassimu akanifuata.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyo binti anasubiri sura ya urithi?"

"Ndiyo."

"Hiyo sura niliiandika vibaya mara ya kwanza, nikairudia yote." Akatazama chini. "Mpe. Kwangu mimi nimeruhusu, sitaki hata senti. Nitakuletea kwenye flashi."

Nilikaribia kupiga magoti. Lakini yeye mwenyewe alipompigia mwakilishi kumweleza, aliambiwa kwamba ruhusa yake peke yake haitoshi. Kitabu kiko ndani ya mkataba, na shule haipokei kitabu cha kidijitali bila kupitia kwa wakala, ndivyo masharti yanavyosema. Mkuu wangu naye, nilipomwambia habari ya flashi, akasema, "Mkaguzi akikuta kitabu kisicho na risiti kwenye tableti za mradi, Madamu, ni mimi nitakayejibu. Nina watoto." Sikumlaumu. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi.

Nikampigia Mwalimu Kassimu kumpa majibu. Alicheka kicheko kifupi cha hasira.

"Basi nitaandika kwa mkono. Au kuna mtu atanikamata kwa mwandiko wangu?"

Nilidhani anatania.

Baada ya muda si mrefu kondakta wa basi la Kasulu akanipigia niende stendi kuchukua mzigo. Ulikuwa ni karatasi za manila zilizoviringishwa, zimefungwa kwa kamba ya katani. Nikazikunjua mezani. Sura ya kwanza nzima ya kitabu cha kidato cha nne, kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa kama vidole vyangu. Michoro aliipaka rangi.

Tulizibandika kwenye ukuta wa maabara. Odilia alisoma amesimama, akitembea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, mkono mmoja ukigusa ukuta. Akifika mwisho wa mstari anarudi. Mtu aliyepita dirishani angedhani anapima chumba. Wanafunzi wengine wakaanza kuja kusoma pale pale, maana kitabu cha kugombania kinachosha.

Kila basi la Ijumaa lilileta karatasi. Mzee hakuruka kitu. Pembeni aliandika vineno: "Binti, hapa tulia." "Hapa walimu wengi wanababaika, muulize wako." Hawakuwahi kuonana, lakini Odilia alimjibu kwa barua nilizompa kondakta, na nadhani walibishana, kwa sababu karatasi moja ilikuja imeandikwa juu kabisa, "Umekosea, na nitakuthibitishia."

Hiyo ndiyo ilikuwa miezi mizuri ya mwaka.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane basi likaja bila mzigo. Na iliyofuata. Nikapiga simu, akapokea binti yake. Mzee amepata kiharusi, upande wa kulia wote, amelazwa hospitali ya Kabanga.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala akitazama dari, mdomo umevutwa upande. Aliponitambua alijaribu kusema. Binti yake akainama, akasikiliza, akanigeukia.

"Anasema sura ya urithi ilikuwa ndiyo inayofuata."

Nikamshika ule mkono wa kulia. Ulikuwa mzito na wa baridi, kidole cha shahada bado kina wino.

Niliporudi nilimwambia Odilia kwamba hiyo sura nitaiandika mimi. Akakataa. Akasema mzee atapona, tumsubiri, si vizuri kumalizia kazi ya mtu ambaye bado anapumua. Nilimwona ana haki. Kisha ikaja mitihani ya majaribio, masahihisho, mwalimu mmoja akahama na vipindi vyake nikaachiwa mimi. Nilimsomea sura zilizobaki kwa haraka haraka. Hata ile ya urithi nilimsomea, siku chache kabla ya mtihani, kwa sababu ingeweza kutoka. Alikaa amegeuzia uso dirishani. Sidhani kama alisikia.

Novemba karatasi zake za mtihani wa taifa zilikuja kwa maandishi makubwa, kama inavyotakiwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu.

Mtihani ulikuja kwa maandishi makubwa. Kitabu hakikuja.

Sasa kimekuja. Alhamisi mchana, baada ya kulia nyuma ya maabara, nilimpigia binti wa Mwalimu Kassimu kumweleza kuhusu kile kifungu. Akasema anajua. Mzee alipotoka hospitali, mradi ulimtuma mtu nyumbani kwao na mkataba mpya, na baba yake alikataa kuweka dole gumba mpaka wamwahidi kuhusu wanafunzi wenye uoni hafifu. Ilichukua mchana mzima, alisema, kwa sababu kila neno analitoa kwa shida. Hakuniambia mapema kwa sababu mzee alikataa. Hakutaka nimpe Odilia matumaini ya pili.

Jana baada ya vipindi nikanunua manila na kalamu nene. Fundi wa mradi alikuwa ameshafungua vitabu. Nikaiweka tableti mbele yangu, nikainakili sura ya urithi. Niliandika Kiingereza cha kitabu, na chini ya kila aya nikaandika Kiswahili changu, kwa ajili ya mama. Sina mwandiko wa Mwalimu Kassimu. Mistari yangu inapanda mlima.

Leo asubuhi nikachukua pikipiki kwenda Mabamba, karatasi nimezifunga kwenye nailoni na kuzikumbatia kifuani.

Mama Odilia alikuwa barazani anamenya mihogo. "Mwakeye, Mwalimu," akanisalimu, akaniletea kigoda, akamwita binti yake. Odilia akatoka ndani na ile kofia. Amekonda. Alinipokea mzigo, akauliza habari za shule, za mkuu, za mzee wa Kasulu. Hakuuliza habari za matokeo, nami sikuzitaja, mpaka mwenyewe aliposema:

"Kiswahili nimepata B, Madamu."

"Nimeona. Nimefurahi sana."

"Hayo mengine nayo umeyaona."

"Nimeyaona."

Nikamweleza kuhusu mwongozo. Nilijaribu kusema kwa furaha, kama mkuu alivyosema kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wanaokuja watasoma?"

"Watasoma."

"Na mimi nikirudia mtihani?"

Nilikuwa nimekisoma kile kifungu tena na tena njiani kichwani, nikitafuta mlango. Kinasema mwanafunzi aliyeandikishwa shuleni. Anayerudia mtihani kwa kujitegemea hana shule.

"Wewe hukutajwa humo, Odilia."

"Sawa," akasema. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeambiwa chumvi imeisha dukani.

Kisha akakunjua karatasi. Akamwomba mama yake ashike pembe za juu ukutani, mimi nikashika za chini, akaanza. Alisoma Kiingereza kwanza, mstari mzima, kwa sauti, halafu akamgeukia mama yake na kumweleza kwa Kiha. Polepole. Akifika kwenye neno gumu alirudi nyuma akalichukua tena. Sikumsaidia mahali popote, hakuhitaji. Alisoma ile sehemu inayosema kwamba mtoto hupata ualbino pale tu anapourithi kwa wazazi wote wawili, na kwamba kila mmoja wao anaweza kuubeba maisha yake yote bila kuonekana na bila kujua.

Mama akamkatiza.

"Wote wawili?"

"Ego, mama. Wote wawili."

"Hata yeye?"

"Hata baba. Asingekuwa nao, mimi nisingezaliwa hivi. Imeandikwa hapa."

Mama aliachia karatasi, pembe ikajikunja ikashuka. Akarudi kukaa, akachukua kisu, hakumenya.

"Tumemzika kabla ya Krismasi," akaniambia kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri. "Nilikwenda msibani Kasulu, nikakaa nyuma na wageni. Ningekuwa nayo hii karatasi, Mwalimu, ningempelekea angali anapumua. Si kwa ugomvi. Ajue tu."

Sikujua kama baba amekufa. Odilia hakuniambia. Alikuwa amesimama pale anatazama herufi zangu zilizopinda. Ng'ambo ya bonde ngurumo ilianza.



Mama Odilia akainuka, akaingia jikoni, akatoka na sufuria ya uji wa muhogo uliokuwa umepoa na kuganda. Akachota kwa mkono, akaupaka kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, ule unaotazama njia ya sokoni. Odilia akaelewa kabla yangu. Wakabandika karatasi moja baada ya nyingine, wawili hao, bila kuniomba nisaidie.

"Mvua itaiosha, Mama Odilia," nikamwambia. "Hiyo inayokuja hapo."

Akakandamiza pembe ya mwisho kwa kiganja.

"Basi wasome leo."

Nilipokuwa napanda pikipiki, wanawake wawili waliotoka sokoni na mizigo kichwani walikuwa wamesimama mbele ya ukuta. Mmoja aliuliza kitu kwa Kiha. Odilia akavuta kofia yake nyuma, akasogea karibu na ukuta, akaanza tena kutoka mstari wa kwanza.

Mvua ilitukuta, mimi na dereva, kabla hatujafika mbali.

Nimeandika haya yote na bado sijui kama atarudia mtihani. Sikumuuliza, na sidhani kama ni mimi wa kumuuliza. Jumatatu kipindi cha kwanza ni changu, kidato cha nne. Vitabu vimefunguka, na kuna msichana mmoja pale mbele ambaye huwa anaweka kitabu puani. Nitampa tableti.

Sijui kama nitaweza kumwangalia akitanua vidole.